Kifuniko Kimoja cha Asubuhi

Kinyozi hakufukuzwa nyumbani kwa kulewa. Kulewa kwake mkewe alikuwa amekuzoea, kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Alifukuzwa siku aliyomnyoa binti yake, mmoja wa mapacha, wembe ukamteleza, akamchana nyuma ya sikio. Mama Pacha alifunga jeraha kwanza, kisha akafunga nguo za mumewe kwenye shuka.

“Siku tisini, Baba Pacha,” alisema. “Tisini kavu. Ya tisini na moja njoo ubishe hodi. Kabla ya hapo usinisumbue.”

Akahamia dukani kwake, akalala kwenye benchi la wateja.

Aliyemwonyesha njia ni mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, ambaye siku moja, akiwa na povu hadi masikioni, alisema, “Kinyozi, unaninyoa au unanilewesha? Hebu pumulia upande wa pili.” Alipofutwa povu akamnong’oneza kwamba nyuma ya zahanati kuna darasa la chekechea, na kila Alhamisi saa kumi na moja jioni hukutana hapo walioacha pombe na wanaotaka kuiacha. Yeye mwenyewe alikuwa na mwaka wa sita.

Alhamisi ya kwanza kinyozi aliupita mlango ule mara tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo uliodondoka. Mara ya nne sauti ikamwita kutoka ndani: “Ingia, ndugu! Sote tulizunguka. Mimi nilizunguka mwezi mzima.” Alikuwa dereva wa malori, mtu wa mizaha. Walikaa kwenye viti vya watoto, watu wazima tisa, magoti karibu na kidevu. Aliyewaongoza aliwahi kuwa karani wa mahakama, wakamwita Bibi Karani, naye alikuwa na desturi moja: kila mtu ataje siku zake. Aliyeanguka husema “sina,” na hakuna wa kumsimanga.

Kinyozi akawa anataja. Tisa. Thelathini. Hamsini na nane. Walimpongeza, naye alizipokea pongezi.

Ila kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, aliingia nyuma ya pazia akamimina pombe kali kwenye kifuniko cha chupa. Kifuniko kimoja, hazidishi. Bila hicho mkono ulitetemeka, na nani atampa shingo yake kinyozi anayetetemeka? Akajiambia kwamba ile si pombe, ni dawa ya mkono, kama mafuta anayotia kwenye mashine ya kunyolea. Halewi, kwa hiyo hanywi. Uongo wa namna hii ni mbaya kuliko mwingine wote, maana anayeusema ndiye wa kwanza kuusadiki. Kulewa alikuwa ameacha kweli, wala tusimnyime haki yake. Pombe hakuiacha, aliipunguzia posho tu.

Siku ya themanini na sita akaja mgeni kikaoni, mwashi, suruali imeganda saruji, mikono ameibana kwapani. Zamu yake ilipofika hakutaja siku. Alimgeukia kinyozi.

“Kaka, nasikia wewe unashika wembe kwenye shingo za watu. Mkono wako ulitulia lini? Mimi jana nimeangusha tofali kutoka jukwaani, limempita mtu hivi. Msimamizi kanipa siku tatu: nishike mwiko sawasawa au niondoke. Niambie, ulifanyaje?”

Wote wakamtazama kinyozi. Angeweza kusema “subira.” Neno moja tu, zuri, na Jumanne angebisha hodi kwake. Mwashi naye angeondoka na subira yake, apande nayo jukwaani.

“Haukutulia,” alisema kinyozi.

“Vipi?”

“Naupa kifuniko kimoja kila asubuhi. Hata leo nimeupa.”

“Loo!” alisema dereva. “Kumbe tanki lilikuwa linavuja, na sisi tunasifia injini!” Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa, yule yule aliyekuwa akimpa shingo.

“Siku zako ngapi, kinyozi?” aliuliza Bibi Karani, kwa upole wa kazi.

“Sina.”

“Haya. Kesho saa moja asubuhi wewe na mwashi mwende zahanati pamoja. Mwili uliozoea haukatiwi ghafla bila mganga kujua. Mkono huo ni wa kutibiwa, si wa kufichwa.”

Kinyozi alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mkewe. Alimkuta akipiga pasi, dirisha liko wazi.

“Mbona leo? Si zimebaki nne?”

“Zimebaki tisini, Mama Pacha.” Akamweleza yote, akiwa amesimama nje, mkono ameushika kwa mkono.

Mkewe aliisimamisha pasi. “Nani amekufuma?”

“Hakuna. Nimesema mwenyewe.”

Alimtazama kama anayesoma barua aliyokwisha kujua yaliyomo. “Nilikuwa nimeshafua mashuka,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. Kisha akalifunga dirisha, taratibu, bila kulibamiza. Kinyozi alisubiri kidogo labda litafunguka. Komeo likalia.