Kisu cha Muuza Jibini

Nikipita mbele ya friji la jibini katika duka moja la Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, harufu ya maziwa yaliyochacha hunirudisha kwenye gulio la kijiji kimoja cha Ufaransa, ambako baba alikuwa akisoma.

Bibi alikuja kututembelea kutoka Maskati, nami nikampeleka gulioni. Hakuamini kitu. Alibinya nyanya, akanusa mkate, akataka kujua mayai yale ni ya ndege gani. Kwenye meza ya jibini, mzee muuzaji alinikatia kipande cha kuonja, nikakitia mdomoni. Bibi alikuwa akizitazama soseji zilizoning'inia juu ya kichwa cha mzee.

"Muulize, hicho kisu chake anakatia na nguruwe?"

Mimi ndiye niliyejua Kifaransa. Nikauliza. Mzee akacheka, akasema ndiyo, anacho kimoja tu.

Kipande changu kilikuwa kimeshayeyuka ulimini.

"Anasema anakatia jibini tu, bibi."

"Mbona kacheka?"

"Watu wa huku hucheka tu."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Alinikazia macho, nami nikaviangalia viatu vyangu.

"Haya. Nnakuamini wewe, yeye simuamini."

Akapokea kipande, akapiga bismillahi, akatafuna taratibu. Uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Tamu," akasema. "Mwambie atukatie nusu kilo, tumpelekee na baba yako."