Bakuli Lililokataa Kukauka

Jeneza la Chinatsu lilipofika mlangoni, Hisae alilibamiza bakuli la wali la marehemu kwenye jiwe la kizingiti. Ndivyo inavyofanywa, ili aliyekufa ajue hana tena wali hapa, asigeuke nyuma. Ilikuwa kazi ya Mitsuyo, mama mtu, lakini mikono ilimgoma, ikabidi Hisae, dada yake, aishike.

Watu walipotangulia, Mitsuyo aliinama kama anayeweka kiatu sawa. Akaokota vigae tisa, akavitia ndani ya mkono wa kimono.

Mitsuyo ameunga vyombo vya watu pale mjini Wajima miaka thelathini na nane. Hupaka utomvu wa mti penye ufa, hufungia chombo kabatini hadi ukauke, kisha hufuatisha ufa kwa dhahabu. Utomvu ule una ukaidi wake: haukauki juani, hukauka penye unyevu. Basi kabatini hutundikwa kitambaa kilicholowa, na mlango haufunguliwi. Wateja wenye pupa aliwaambia, "Kabati si dirisha, bwana. Chungulia tu, utakuja kubeba vigae vyako."

Wengine walisifia dhahabu, wakisema kilichovunjika kimekuwa kizuri kuliko kizima. Naye aliitikia. Siku hizo alikuwa na mtoto.

Roho hukaa nyumbani siku arobaini na tisa, kisha huenda moja kwa moja. Mitsuyo alitaka kabla ya hapo bakuli liwe zima, lina wali, Chinatsu aone bado ana nafasi.

Akaviunga vigae, akalifungia bakuli kabatini. Lakini alichungulia. Akiamka, akichemsha chai, akirudi sokoni. Kila mara unyevu ulitoka, baridi ikaingia. Alijua. Mkono ulifungua hivyo hivyo.

Siku ya arobaini na nne Hisae alileta figili za kuchachusha, akamkuta kichwa kimo kabatini.

"Umeficha pombe humo?"

Mitsuyo hakuwahi kuufunga mlango. Hisae akawaona sungura wa buluu waliochorwa ukingoni mwa bakuli.

"Hilo nililivunja mimi."

"Najua, dada. Ulilivunja vizuri. Vipande tisa."

"Unamwita arudi."

"Namwekea wali tu."

"Kwani ni paka huyo, afuate harufu? Mwache aende, mdogo wangu. Miaka miwili alilala mgonjwa chumba kile akiomba aende."

"Kwako ndiyo, aliomba hivyo. Kwangu aliomba wali."

Hisae aliweka figili chini polepole. Akagusa ufa, akatazama kidole chake. "Na halijakauka hata. Wewe, fundi mzima."

Siku ya arobaini na tisa mtawa alisoma sala, ndugu wakala, wakatawanyika. Akabaki Hisae akiosha sahani. Mitsuyo akalitoa bakuli. Hatua ya dhahabu ilikuwa haijafikiwa, utomvu bado ulinata. Akajaza wali wa moto, akaliweka mbele ya picha ya binti yake.

Mvuke ukapanda. Kigae cha kwanza kikateleza, kama jino la mtoto linavyong'oka. Kisha vingine, vyote tisa, wali ukamwagika.

Hisae alikuja mbio na kitambaa.

"Acha, dada."

Mitsuyo akapiga magoti, akaanza kubandua punje kwenye utomvu, moja moja. Zilikuwa zimeshakuwa nyeusi kwa utomvu. Nyuma yake kabati lilikuwa wazi, na hapakuwa na haja tena ya kulifunga.