Belti za Ndambuki

Ndambuki aliporudi na unga mara ya tatu wiki ile ile, nilijua si njaa. Mtu aliyefiwa na mkewe zamani, anajipikia peke yake, unga wote huo wa nini? Mimi ni Shiru, nauza chai kando ya karakana yake ya useremala hapa Dagoretti Corner, na nusu ya unga huo nilipewa bila kuomba. Nimekula ugali wa mapenzi ya watu mpaka nikanenepa.

Unga ulitoka Mutuini, kwa Syokau, mama mwenye kisiagi cha mahindi. Hatimaye Ndambuki alipata ujasiri akamwomba waoane. Syokau hakukubali wala hakukataa. Alisema mwanamume yeyote hupendeza akiwa ameshika soda. Yeye anataka kumwona akiwa kazini. Jumamosi angekuja, aangalie, kisha atoe jibu.

Basi mzee wa watu akapandwa na wazimu wa furaha. Alipaka ukuta rangi, akanunua shati, akanyoa ndevu mara mbili kwa siku. Tatizo lilikuwa mashine. Ni mashine moja inayopasua, inapiga randa na kutoboa, na ina umri mkubwa kuliko kifungua mimba wangu. Nguvu ya mota hufika kwenye visu kwa belti mbili zinazokwenda sambamba, na moja ilikuwa imekatika. Beringi nazo zilikuwa zikilia kama mbuzi.

Akaenda tauni, katikati ya Nairobi, akarudi na beringi mpya, puli mpya za kuzungushia belti, na belti moja. Nilimuuliza mbona moja. Akasema ile nyingine bado ni nzima, kwa nini aitupe. Nikarudi kwenye birika langu, mimi ni wa chai tu.

Jumamosi mchana Syokau akafika na gauni la buluu, akaketi kwenye benchi langu, soda akakataa. Nusu ya watu wa steji ya matatu walikuja kunywa chai ghafla, na sijawahi kuuza vile. Ndambuki akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma vizuri, akaingiza ubao, nasi tukaanza kutabasamu. Kisha visu vikapunguza kasi, harufu ya mpira kuungua ikatupiga puani, na moshi ukatoka chini ya mashine. Alizima. Uso ulimshuka mpaka nikamhurumia, ingawa kicheko kilikuwa kimenifika kooni.

Syokau aliomba spana. Akainama na gauni lake hilo hilo, akafungua kifuniko, akatoa belti zote mbili na kuzining'iniza kwenye kidole kimoja. Ile ya zamani ilikuwa imevutika, ikashuka chini kuliko mpya.

"Mzee, hizi zinabadilishwa zote mbili," akasema. "Ukiweka mpya na ya zamani, mpya inavuta peke yake mpaka inaungua. Hata kisiagi iko hivyo."

Nilidhani Ndambuki atanuna, maana nawajua wanaume wa hapa. Badala yake alicheka, akakiri mbele ya watu kwamba ni ubahili tu. Hapo nikampenda hata mimi.

Maduka ya spea tauni yalikuwa yameshafungwa. Syokau akasoma namba kwenye belti, akasogea kando na simu, akaongea Kikamba kwa muda. Akarudi akasema kuna jozi mahali, itakuja.

Ililetwa na ndugu yake Nzomo, anayemsaidia kisiagini. Alishuka kwenye boda amezivaa belti hizo shingoni kama bwana harusi. Ndambuki akavuta mota nyuma kwa mtaimbo, Syokau akibonyeza belti kwa kidole gumba, akimwambia ongeza, ongeza kidogo, hapo. Wakawasha.

Jamani, mashine iliimba. Ubao ulitoka laini kama shavu la mtoto, na maranda yakamrukia Syokau nywele zote, wala hakuyapangusa. Watu wakapiga mbinja. Ndambuki alipiga randa kila ubao aliokuwa nao, mbao zilipoisha akaja akang'oa ubao wa meza yangu ya mandazi, akaupiga randa huo pia.

Alipozima, akajifuta jasho na kuuliza, kwa sauti ndogo sana, kuhusu lile jibu. Kabla Syokau hajasema kitu, Nzomo akaanza kunung'unika. Alitaka kujua belti zitarudi saa ngapi, kwa sababu kina mama wa Mutuini wamekalia madebe yao ya mahindi wakimtukana yeye. Nikazitazama belti kwa makini. Zilikuwa zimejaa unga.

Ndambuki akamgeukia Syokau.

"Umezima kisiagi?"

"Nimezima. Tena Jumamosi, siku yenye watu ni wengi," akasema. "Na bado unauliza jibu?"

Ndambuki akaketi pale pale kwenye maranda, akacheka mpaka akalia.