Santuri ya Mama na Susu

Harufu ya gundi ya unga wa ngano ikichemka kwenye sufuria hunirudisha nyumbani kwetu Machakos upesi kuliko picha yoyote. Ilikuwa harufu nzito, kama ya uji uliosahauliwa jikoni, na msimu ule ilikaa ndani ya nyumba yetu, ikaingia kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule na hata kwenye nywele. Tulikuwa tunabandika majalada ya santuri. Sebuleni hapakuwa na pa kukaa kwa sababu viti vyote vilijaa makaratasi magumu yakikauka, na Baba, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alikula chakula chake akiwa amesimama mlangoni bila kulalamika. Santuri yenyewe ilikuwa ya jazi, jazi ya namna ambayo hakuna mtu mjini aliyekuwa ameisikia. Waliopiga walikuwa mama yangu mzazi, nyanya yangu na fundi redio mmoja aliyeishi karibu na msikiti. Kampuni iliyoitoa haikuwa ya tajiri wa Nairobi. Ilikuwa yetu.

Mama alijifunza kupuliza saksafoni akiwa msichana wa bweni katika shule ya misheni, na alipoolewa akaingia bendi ya kanisa letu, mwanamke pekee katikati ya wanaume wenye tarumbeta. Kila Jumapili alisimama mbele amevaa nguo nyeupe, mabega yameinuka kidogo, na alipoanza kupuliza hata watoto wasumbufu walitulia. Saksafoni ilikuwa mali ya kanisa, lakini aliruhusiwa kuja nayo nyumbani kwa mazoezi. Mimi, Mwikali, mtoto wake wa kwanza, nilipewa kazi ya kuipangusa kwa kitambaa laini. Nilikuwa najitazama kwenye shaba yake, uso umevutika kama wa mtu mwingine, nikijiona mtu muhimu kuliko wenzangu wote wa darasani.

Kisha Susu akaja kukaa nasi. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama yake Baba, ametoka Masinga baada ya miguu kuanza kumsumbua. Alifika na mfuko wa nguo, kuku mmoja, na ngoma ndefu iliyofungwa kwa kanga. Ilikuwa ngoma ya kilumi, ile inayochezwa na wanawake wazee wakati wa kuomba mvua au kumtuliza mtu aliyepandwa na mizimu, na kwa miaka mingi Susu alikuwa ndiye anayetafutwa na vijiji vya kando ya bwawa kuipiga. Baba aliiweka chumbani mwa Susu, nyuma ya mlango. Watu wa kanisa waliichukulia kilumi kama kazi ya shetani, na nadhani Baba alitarajia kwamba ngoma ile ingezeeka kimyakimya pale ilipokuwa.

Haikunyamaza hata mwezi. Alasiri moja Mama alikuwa sebuleni akirudiarudia wimbo wa ibada, akakwama mahali pamoja, akarudi, akakwama tena. Mara ngoma ikalia kutoka veranda. Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameibana kwa mapaja, na alikuwa anapiga kitu ambacho hakikuhusiana kabisa na wimbo ule. Kilikuwa na haraka yake na mapumziko yake. Mama akatoa saksafoni mdomoni akidhani amemkera mama mkwe wake.

"Mbona unanyamaza?" Susu akauliza. "Mimi sijamaliza."

Mama akapuliza tena. Mwanzoni walionekana kama watu wawili wanaosemezana kila mmoja kwa lugha yake. Susu hakumfuata Mama, na Mama hakuweza kumfuata Susu. Lakini walipoendelea, Mama akauacha wimbo wa ibada, akaanza kupuliza sauti fupifupi kwenye zile nafasi ambazo ngoma iliziacha wazi, kisha sauti ndefu iliyopita juu ya ngoma yote kama moshi. Nilikuwa nachambua maharagwe jikoni. Niliacha sinia nikaenda kusimama mlangoni, na nikamwona Mama amefumba macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kanisani.

Aliyekipa jina kile walichokuwa wanafanya ni Bwana Swaleh. Watu wa kwao walitoka Mombasa zamani, na yeye alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini. Siku aliyokuja kurudisha redio yetu aliwakuta verandani, akaketi kwenye ngazi na redio mapajani mpaka walipomaliza. Akamwambia Mama kwamba yeye ana santuri za watu weusi wa Marekani wanaopiga hivyo hivyo, bila kupangiwa, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe, na kwamba huko kitu hicho kinaheshimiwa. Wiki iliyofuata alikuja na besi kubwa ya kusimama ambayo aliipiga kwenye harusi za watu wake, akamwamkia Susu shikamoo, akaomba ruhusa ya kuungana nao. Susu aliitazama ile besi iliyomzidi kimo, akasema inafanana na mzinga wa nyuki, na kwamba kama ina asali aifungue.

Walipokuwa tayari, Swaleh aliwarekodi kidogo kwenye tepu, na Mama akaipeleka Nairobi kwa watoaji wa santuri. Nilienda naye. Katika duka la mwisho mtoaji mmoja aliisikiliza tepu huku akila, akamwambia Mama kwa upole kabisa kwamba ana pumzi nzuri. Aongeze gita, aongeze maneno ya mapenzi, na yule mwanamke mzee mwenye ngoma amwache nyumbani. Mama alimshukuru. Njiani, tulipoanza kuiona milima ya Iveti karibu na kwetu, akaniambia, kana kwamba anaendeleza mazungumzo tuliyokuwa nayo, kwamba santuri tutaitoa sisi wenyewe. Jina la kampuni alikuwa nalo tayari. Aliiita Wathi, yaani wimbo.

Habari zilifika kanisani kabla ya kurekodi. Wazee walimwita Mama, na mwenyekiti wao, mtu ambaye Mama alimheshimu sana, akamwambia achague. Saksafoni ya kanisa haiwezi kulia pamoja na ngoma ya mizimu. Jioni hiyo Susu alipoambiwa jambo hilo alirudi chumbani akaanza kufunga mfuko wake.

"Mwana wakwa, mimi narudi Masinga," alimwambia Mama, akimwita mwanawe. "Wewe baki na filimbi yako. Mimi nimeshapiga ngoma ya kunitosha."

Mama aliuchukua ule mfuko akatoa nguo moja moja, akazikunja upya na kuziweka juu ya kitanda. "Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "huendi mahali. Hata ngoma haiendi."

Jumapili iliyofuata alipuliza wimbo wa kufunga ibada vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Ulipokwisha, badala ya kurudi kwenye kiti, aliipangusa saksafoni kwa kitambaa kile nilichokuwa nikitumia mimi, akaenda kuilaza juu ya meza ya mbele, akageukia watu.

"Nalishukuru kanisa kwa kuniachia hii kwa miaka hii yote," alisema. "Nimeambiwa nichague kati yake na mama ya bwanangu. Mama siwezi kumrudisha. Hii naweza."

Akanishika mkono tukatoka kwa njia ya katikati, na viatu vyetu vilisikika peke yavyo kwenye sakafu. Nilikuwa na hofu, lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya ninyooshe shingo. Baba alikuwa ameketi upande wa wanaume. Nilisikia benchi likisogea, kisha hatua zake nyuma yetu. Jumatatu yake, kabla ya kurudi kazini, alibeba cherehani ya Mama begani, kwa idhini yake, akaenda kuiuza sokoni, na Swaleh akatumwa Nairobi na pesa hizo kwa mpiga bendi mmoja mstaafu aliyekuwa anauza saksafoni yake.

Ilikuwa kuukuu. Kitufe kimoja kilifungwa kwa mpira, na sauti yake ilitoka na ukwaruzo, kama mtu anayesema akiwa na mafua. Mama alihangaika nayo siku nzima. Susu ndiye aliyemwambia aache kuikwepa hiyo sauti, aitafute. Ndiyo maana katika santuri ile Mama anairudia mara kwa mara, mpaka unaanza kuingoja.

Walirekodi katika ghala nyuma ya kibanda cha Swaleh, mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Magunia ya kunde yalizungushwa ukutani ili sauti isirudi. Baba aliegemea mlango kwa ndani kwa kuwa upepo ulikuwa unaugongesha. Walipiga kipande kimoja kirefu kilichojaza upande mzima wa santuri, bila kusimama. Katikati, Susu alichoka. Mikono yake ikapunguza mwendo, ngoma ikawa inadondoka tone moja moja, na nikadhani imeharibika. Lakini Swaleh akapunguza na besi yake, na Mama akashusha pumzi mpaka saksafoni ikawa kama mtu anayenong'ona. Walimngoja Susu. Hakuna aliyejaribu kumfunika. Na alipopata nguvu tena, ngoma ilipanda kwa namna ambayo Baba alisahau mlango akaja mbele, na upepo ukaingia ndani ukapeperusha makaratasi ya Swaleh.

Santuri zilipotoka kiwandani ndipo tukaanza ile kazi ya gundi. Majalada yalipigwa muhuri wa pambo la kyondo, kikapu chetu cha kusuka, uliochongwa na Susu kwenye kiazi. Redio iliicheza mara moja tu, na mtangazaji akawaomba radhi wasikilizaji akisema labda santuri imeharibika njiani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku ya soko Swaleh alitoa spika yake nje ya kibanda, akaweka ule upande mrefu. Vijana walipita wakitukejeli. Kisha mwanamke mzee aliyekuwa anauza maembe akasimama. Mwingine akatua mzigo wake. Nilimtambua wa tatu kuwa mama mzazi wa yule mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alivua viatu, akaviweka pamoja kwa utaratibu kando ya spika, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa mtindo wa kilumi. Susu aliketi kwenye kigoda chake mikono mapajani, akitazama watu wakicheza ngoma yake wakati yeye mwenyewe hapigi. Alinivuta karibu naye na kunikumbatia kwa nguvu.

Hatukuuza nyingi. Susu alifariki miaka michache baadaye, na zilizobaki zilikaa chini ya kitanda cha Mama muda mrefu. Siku hizi dunia imezigundua. Watu wa mbali wanatafuta nakala kwa hamu, na hivi karibuni kampuni moja ya ng'ambo ilimletea Mama, ambaye sasa ni mzee na bado anaishi Machakos, ombi la kuitoa upya kwa ushirikiano na Wathi. Nilimsomea mchoro wa jalada lao kwenye simu yangu. Jina lake lilikuwa kubwa. La Swaleh lilifuata. Chini kabisa waliandika: mpiga ngoma wa kijijini. Mama akaniambia niwajibu.

"Waambie anaitwa Mbithe wa Masinga, na jina lake liwe la kwanza. Kama hawataki, watuachie santuri yetu."

Walikubali. Hawakuwa na njia nyingine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumiliki haki za ile santuri isipokuwa sisi. Zamani nilidhani Mama alianzisha kampuni kwa sababu alikataliwa. Sasa naona aliianzisha ili siku kama hiyo asiwe na mtu wa kumwomba.

Binti yangu Ndanu anatengeneza muziki wake kwenye kompyuta chumbani kwake Syokimau. Huutoa mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, na hajawahi kuketi mbele ya mtu anayekula huku akimwambia nani amwache nyumbani. Juzi nilikuwa kwake wakati rafiki zake walipokuwa wanasikiliza santuri ile mpya, wamelala sakafuni, na kijana mmoja akauliza huyu anayepiga ngoma ni nani, maana ni moto. Mama yangu aliacha saksafoni juu ya meza ya kanisa ili swali hilo lipate kuulizwa. Binti yangu, ambaye huniita mathe, alilijibu bila kugeuka, chapati ikiwa mdomoni.

"Mbithe," alisema. "Nyanya ya mathe. Hii ni yake."