Bi Winchi Kwenye Mizani

Karani wa mizani hana mchezo kazini. Katika ghala lile la nafaka, gari likija lazima lipande mizani likiwa na shehena, likashushe, kisha lipande tena likiwa tupu kabla ya kutoka getini. Dereva akimbembeleza amwandikie kwa kukisia, eti ana haraka, Karani humtazama juu ya miwani na kumwambia azime injini, ashuke. Miaka kumi na tisa ameketi kwenye kile kibanda cha vioo. Madereva wamemchoka, lakini hayupo hata mmoja anayeweza kusema aliwahi kupunjwa au kupendelewa.

Sasa mtafute Jumamosi alasiri uone maajabu. Mwanamke huyohuyo mwenye uso wa mawe hukaa kwenye kichwa cha meza yake ya chakula, akanguruma kama zimwi, akalia kama mtoto mchanga, akaamuru mvua inyeshe sebuleni. Mchezo wenyewe hauna makuu. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake kiasi gani, akili kiasi gani, anaogopa nini. Msimulizi anaeleza yanayotokea, wachezaji wanasema watu wao wanafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Kitabu cha kanuni Karani alikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, hakina jalada wala ukurasa wa kwanza, na tangu siku hiyo msimulizi ni yeye.

Wachezaji wake walikuwa wawili. Kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, mtu wa maneno mengi, na shujaa wake naye ni wa maneno mengi. Wa pili ni Wifi, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa pilipili, ambaye shujaa wake hufungua kufuli yoyote duniani kwa pini ya nywele. Mume mwenyewe ni dereva wa masafa marefu. Jumamosi humkuta njiani, naye husema afadhali.

Kiti cha nne kilikuwa kitupu, na hicho ndicho kilichomuuma Karani. Kilikuwa cha dada yake mkubwa, aliyekuwa chumba cha nyuma, hatua kumi tu kutoka pale mezani, na hatoki. Kiharusi kilikuwa kimempitia miezi kumi nyuma, mkono wa kulia ukalala na mguu ukawa wa kuburuta. Na huyu si mtu wa kukaa kitandani, nakwambia! Huyu ndiye mwanamke aliyepakia magunia kwenye ghala lilelile, peke yake kati ya wanaume, gunia begani kama mto wa kulalia. Sasa wageni wakibisha hodi, anafunga mlango. Ukimpa mkono ainuke, anausukuma. Mpira wa mazoezi aliopewa na mtaalamu wa viungo aliutupa uvunguni wiki ya kwanza. Mtaalamu alikuwa amesema wazi kwamba nguvu zinaweza kurudi kiasi, ila kwa anayezitaka, na muda wa kuzitaka haungoji. Dada akajibu kwamba yeye amekwisha, wamwache amalizie.

Kilichomtia Karani wazo ni boksi la vitabu vya katuni vya utotoni, karatasi zimekuwa za manjano. Shujaa wa vitabu vile hakuna anayemkumbuka tena. Wote walikuwa wakivisoma kwa ajili ya adui yake, Bi Winchi, jambazi mwenye nguvu za kutisha, gauni la madoa na viatu vya kisigino. Bi Winchi akitaka kuiba dukani hahangaiki na kabati, analibeba duka. Uani kwao, Dada ndiye alikuwa Bi Winchi siku zote, hakubali kupokezana. Karani alikuwa shujaa, na ushujaa huo ulimfikisha juu ya ukuta, akaanguka, akavunjika mguu akiwa na miaka tisa.

Hapo ndipo penye deni lisilolipika. Muhula mzima Dada alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, njia ya mlima, na yeye mwenyewe ni mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hakupumzika hata mara moja. Alisema akimweka chini hataweza kumwinua tena, kwa hiyo hamweki. Baadaye wazazi walipoondoka duniani, yakaja magunia, na Karani akasoma kwa magunia hayo mpaka akaajiriwa kwenye mizani. Mambo kama hayo utayashukuruje? Karani hakuwahi. Kila alipofungua mdomo, neno lilionekana dogo, akaishia kuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Basi akaamua kumtoa Bi Winchi vitabuni na kumwingiza mchezoni, awe chambo cha kumtoa Dada chumbani. Na kwa kuwa fundi hushika kifaa anachokijua, akampima. Alipitia kila kitabu akaorodhesha kila kilichowahi kunyanyuliwa: lori, tani kumi na tano, kichwa cha treni, tani themanini, meli ndogo, hiyo akaikisia huku akijilaumu kwa kukisia. Akajumlisha, akagawanya, akapata daraja la nguvu ambalo halijapata kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya mchezo. Alijiona bingwa. Dada akakataa katakata hata kuitazama karatasi, kwa hiyo Jumamosi hiyo Karani akamchezesha Bi Winchi mwenyewe.

Ilikuwa aibu. Zamu ya kwanza tu, Bi Winchi akamnyanyua shujaa wa Kinyozi kwa mkono mmoja na shujaa wa Wifi kwa mkono wa pili, akawagonganisha, basi. Dadu hazikuwa na kazi, maana hata zikilala zote sita hazimfikii. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Wifi akakunja karatasi yake taratibu, akasema huyo si adui, hicho ni kifo kilichovaa gauni, na kama ndivyo mchezo unavyokwenda yeye ana suruali za watu za kupunguza.

Walipoondoka, sauti ikatoka chumba cha nyuma. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Dada alikuwa amesikia yote.

"Mmemharibu," alisema. "Lete hiyo karatasi."

Karani akaipeleka mbio kabla mtu hajabadili nia. Dada akaisoma akiwa amelala ubavu, akashuka na orodha ya tani mpaka mwisho, akaguna.

"Umempima akiwa na mzigo. Umempima akiwa mtupu?"

Loo! Miaka kumi na tisa anawashusha madereva kwenye magari wapime mara mbili, leo yeye kampima mtu mara moja akamwandikia! Dada, ambaye alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani ileile mara elfu, akamwambia arudi kwenye vitabu atazame kurasa za mwisho. Bi Winchi alishindwa lini? Alishindwa akiwa ameishika meli isiponde nyumba za watu, wakamfunga miguu. Alishindwa akiwa ameshikilia paa la soko, wakamtekenya. Hakuzidiwa nguvu hata siku moja. Kila mara alikuwa na kitu mikononi ambacho hakutaka kukiangusha.

Wiki nzima, Karani akitoka kazini, walilumbana juu ya karatasi ile. Dada alikuwa mkali kama msimamizi wa zamu. Alifuta tani zote. Mwishowe kanuni ikawa hii: Bi Winchi mikono mitupu ana dadu tano, na penye jambo gumu inatosha moja tu ilale tano au sita. Lakini kila anachokishika kinamnyang'anya dadu moja, na chochote akikiweka chini, anarudishiwa yake. Karani aliposema kwamba mezani atahitajika mtu wa kumchezesha, Dada akamwambia asimzunguke, ameshajua tangu siku ya kwanza boksi lilipofunguliwa. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Karani alilala na hilo kama zawadi.

Jumamosi ikafika. Kinyozi na Wifi wamekaa, dadu ziko mezani, mara mlango wa nyuma ukafunguka. Dada akaja mwenyewe, mkono wa kushoto ukutani, mguu unaburuta. Hatua kumi zile zilichukua muda wa kupika yai. Wifi alitaka kuinuka akamsaidie, Karani akamkanyaga mguu chini ya meza. Kinyozi akautazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Dada alipoketi, akavuta karatasi ya Bi Winchi mbele yake na kuuliza kama wamekuja kucheza au kumwangalia yeye.

Siku hiyo Bi Winchi aliiba mnara wa saa wa mji, mzima mzima, kwa sababu ulikuwa ukichelewa dakika tatu na kumkera. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Mashujaa wakamfukuza hadi darajani. Karani akasimulia jinsi daraja lilivyokuwa bovu, jinsi lilivyopasuka katikati, na jinsi basi la wanafunzi lilivyokuwa limefika hapohapo. Bi Winchi akalishika daraja kwa bega, dadu ikaondoka, na basi kwa mkono, ikaondoka nyingine. Mnara alikuwa ameshautupa mtoni akisema saa yenyewe mbovu. Kinyozi, hana huruma huyo, akatumia nafasi akamfunga minyororo miguuni, na minyororo nayo ni mzigo. Daraja likapasuka upande wa pili, akaudaka na huo. Dada alikuwa akirusha kwa mkono wa kushoto, macho yanawaka, na Karani alikuwa akimtazama kuliko alivyotazama dadu. Huyu ndiye dada yake. Alikuwepo muda wote.

Ikabaki dadu moja. Msimulizi ni mtu wa haki, hana ndugu mezani. Karani akasafisha koo na kueleza: akiachia daraja sasa, atakuwa na dadu za kutosha kukata minyororo na kukimbia. Akilishika na dadu isilale tano au sita, linamwangukia yeye na wote waliomo.

"Unaliweka chini?" akauliza.

Dada akamtazama. Hakumtazama msimulizi, alimtazama mdogo wake.

"Mimi nimewahi kukuweka chini?"

Karani alivua miwani akaifuta kwenye kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Hujawahi, dada. Na sijawahi kukwambia asante. Asante. Kwa ule mlima, na kwa kila gunia."

"Utanishukuru baadaye," Dada akasema. "Daraja linaanguka."

Akarusha. Dadu ikazunguka, ikagonga kikombe, ikalala mbili.

Wifi akamtazama Karani kwa jicho la kumwomba aseme haikuhesabika. Lakini Karani hajawahi kumwongezea mtu kilo hata moja, na Dada asingemsamehe kama angeanza leo. Mbili ni mbili. Akaichukua dadu ile, akaishika kiganjani, na ndipo likamjia neno.

"Ndani ya basi," alisema polepole, "kuna mtoto wa miaka tisa ana mguu uliovunjika. Ameshuka. Anachechemea, lakini amekuja kushika naye, na ana dadu yake moja. Kanuni hairuhusu mtu kumsaidia Bi Winchi mpaka Bi Winchi mwenyewe akubali."

Kanuni hiyo haikuwepo, aliitunga palepale, na kila mtu mezani alijua. Dada akainamisha kichwa. Miezi kumi hakuna mkono aliokubali, wa ndugu wala wa nesi. Akautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauinua kwa ule wa kushoto na kuuweka juu ya meza mbele ya watu.

"Aje," akasema. "Lakini ashike upande wa kulia."

Karani akahamisha kiti chake kutoka kichwani mwa meza, akakaa upande wa kulia wa dada yake, bega kwa bega. Akarusha. Ilikuwa tano.