Mama Mukhwana wa Kwenye Fomu

Mimi ndiye niliyeichapa ile fomu. Nasema mapema, usije ukadhani nasimulia makosa ya Akoth huku nikinawa mikono. Naitwa Waceke, nina saiba ndogo hapa Kianda, kompyuta tatu na mashine moja ya kunakili yenye kiburi kuliko mwenye nyumba. Watu huja kwangu kuchapisha vyeti, kujaza maombi ya kazi, kuandika barua kwa chifu. Akoth alikuwa akija kuomba ufadhili.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, Mama Dalmas kwa majirani, mfupi, mwenye sauti iliyokomazwa na kuita wateja. Huuza mapazia ya mitumba Soko la Toi. Alasiri huvaa fulana ya mhudumu wa afya ya jamii, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani anakohoa na mtoto gani hajachanjwa. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyomfundisha kwamba wako wagonjwa wasiokohoa, na kwamba hao hakuna anayewaulizia.

Akaanzisha kikao. Kila Jumamosi saa nane mchana wanawake kumi na wawili walikaa duara katika darasa la chekechea, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, na kila mmoja akasema linalomkaba. Hapakuwa na dawa wala chai. Sheria ilikuwa moja, linalosemwa hapa linabaki hapa. Baadaye akaanzisha kingine Kawangware, Jumapili baada ya kanisa.

Kisha Celine, aliyezoea kiti cha karibu na mlango, akakosa vikao viwili. Jumamosi ya tatu Akoth alikwenda kumtafuta, akakuta majirani wamejaa nje. Celine alikuwa amejitoa uhai asubuhi ile. Jumatatu Akoth alikuja kwangu, akaketi bila salamu, akaniambia kwamba yeye ni muuza mapazia, hajui la kumwambia mtu aliyefika ukingoni. Kikao kilihitaji mshauri aliyesomea kazi hiyo, na mshauri naye hula kama watu wengine. Basi tuwatafute wanaotoa.

Tukawatafuta. Mimi mifuko ya hisani siielewi mpaka leo. Ina huruma nyingi, lakini huruma yenyewe imewekwa mwisho wa kurasa kumi na nne. Walitaka cheti cha usajili, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano mitatu, barua ya chifu, jedwali la matokeo. Waliuliza ni asilimia ngapi ya walengwa watakaoripoti ustawi ulioimarika kufikia mwezi wa kumi na mbili. Akoth aliniuliza Celine angeingia kwenye asilimia gani. Nilimwambia aandike sabini. Wafadhili hupenda sabini. Tisini inanuka uongo na hamsini inanuka uvivu.

Tulikataliwa mara nne. Mara ya nne jibu lilikuwa la adabu, kutoka kwa mfuko mmoja wa ng'ambo wenye ofisi hapa mjini. Kazi yenu imetugusa, walisema, ila hatukusikia sauti ya mnufaika hata mmoja. Leteni hadithi ya mtu, maneno yasiyozidi mia mbili, mwombe tena. Akoth aliisoma barua ile, akaikunja. Hadithi alikuwa nazo tele, na hizo ndizo alizoapa kutozitoa.

Alimfikiria Nabalayo. Huyu ni Mbukusu wa Bungoma, na wakati huo alikuwa akikaa Kianda na mumewe Wanzala, fundi wa kuchomelea milango, pamoja na mtoto wao Billy wa miaka sita. Billy alizaliwa pacha. Mwenzake alifariki wakiwa na miaka miwili, na ukoo mzima ulijua ni nimonia. Ukweli alikuwa nao Nabalayo peke yake, akaishi nao miaka minne, mpaka Jumamosi moja akautoa pale kwenye duara. Ilikuwa Julai, baridi ya kupasua midomo, naye alikuwa amepata kazi ya kufua Riruta Satellite. Hakuwa na wa kumwachia watoto. Aliwawashia jiko la makaa wapate joto, akafunga mlango kwa kufuli wasitoke barabarani. Aliporudi mmoja hakuamka. Alilitoa jiko nje kabla ya kuita majirani.

Hakuna aliyemhukumu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na zile kata kumi na moja zilinyamaza; neno lile halikuvuka kizingiti cha darasa. Miezi ikapita, Nabalayo akaanza kupata usingizi, akaanza hata kuwatania wenzake. Nataka hili ulijue vizuri, kwa sababu yaliyofuata yanauma zaidi ukijua kwamba kikao kilikuwa kinafanya kazi.

Akoth alimwomba ruhusa. Alimfuata nyumbani, akamweleza kwamba watakaosoma ni wageni, watasoma Kiingereza, na jina litabadilishwa. Nabalayo alifikiri siku mbili, akakubali kwa sharti kwamba asijulikane. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya Celine.

Maneno yale mia mbili tulikaa nayo kutwa nzima. Akoth alikuwa mwangalifu kama mtu anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto. Alitoa Kianda. Alitoa Satellite. Alitoa kufua, akaandika kibarua. Zaidi ya yote alitoa mapacha, akisema mapacha si wengi na watu watajua, badala yake akaandika "mmoja wa watoto wake". Likabaki jina. Nilipendekeza Mary. Akoth alikataa, eti kila fomu ya Kenya ina Mary, watadhani tumebuni. Alitaka jina la Kiluhya, lenye uzito, la mtu anayeaminika. Akakumbuka bango alilokuwa akilipita kila Jumapili akienda Kawangware, duka la mabati, herufi nyekundu. Mukhwana. Nikachapa: Mama Mukhwana.

Mimi ni Mkikuyu. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, halikuambii alizaliwa vipi. Sikuliona lolote pale. Nilibonyeza kutuma, tukaagiza chapati tukala.

Baada ya miezi miwili waliandika kwamba wamependezwa, mtumishi wao atakuja kutuona. Akoth akawaita wa Kianda na wa Kawangware wakae pamoja, mgeni aone wingi wao. Mimi niliitwa kupiga picha. Mgeni aliitwa Audrey, msichana mpole wa Nairobi hii hii, aliyekikalia kile kiti kidogo kama wengine bila kukunja uso. Nimejaribu kumlaumu nikashindwa. Aliona ni heshima kuwaonyesha wanawake kwamba maneno yao yamefika mbali. Akafungua karatasi, akawasomea hadithi, akiigeuza kuwa Kiswahili kadiri alivyosoma. Alisoma vizuri mno. Mama Mukhwana. Kibarua. Jiko. Kufuli.

Wanawake wa Kianda waliinamisha vichwa. Miongoni mwa wale wa Kawangware alikuwepo Phanice, dada yake Wanzala. Akoth alijua kwamba Phanice ni wifi ya Nabalayo, wala hakuwa na wasiwasi, maana aliamini hakuacha alama yoyote. Phanice aliinua mkono akauliza kama huyo Mama Mukhwana ni wa hapa. Audrey akatabasamu, akaeleza kwamba jina limebadilishwa ili kumlinda mwenyewe.

Phanice aligeuka kwenye kile kiti mpaka akatazamana na Nabalayo.

"Mukhwana na Mulongo ni mapacha," alisema taratibu, kama anayemfundisha mgeni. "Kwetu huwezi itwa Mama Mukhwana kama hukuzaa wawili. Na hapa mwenye alizaa wawili akazika mmoja ni wewe. Mimi ndio nilishika sanduku ya Mulongo mpaka Bungoma, Nabalayo. Mlituambia ni kifua."

Nabalayo hakukana. Alisimama, akachukua leso yake kwenye mgongo wa kiti, akatoka. Audrey alibaki na karatasi mkononi akiuliza kama amekosea mahali.

Akoth ni Mjaluo. Kwao ukisikia Opiyo, unauliza pacha wake Odongo yuko wapi. Jambo hilo alilijua kwa lugha yake tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kwamba jirani naye analo kwa lugha yake. Aliwatoa mapacha kwa mkono wa kulia, akawarudisha kwa mkono wa kushoto. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tulijikwaa vyote viwili, na aliyeanguka ni mwingine.

Kabla ya jua kutua Wanzala alikuwa amepigiwa simu. Sikuwepo nyumbani mwao na sitasimulia nisichokiona. Ninachojua ni kwamba wiki ile Billy alipelekwa Bungoma kwa nyanya yake, na Nabalayo akahamia chumba kimoja Satellite, karibu na nyumba anazofulia.

Ufadhili tulipata. Barua ilianza na neno hongera. Mshauri akaajiriwa, mama mmoja mwenye subira na macho mazuri, na hukaa pale kila Jumamosi na daftari ambalo halina la kuandikwa. Wanawake wanaokuja ni sita. Huongea bei ya unga, huongea mvua, hunywa chai, maana siku hizi chai ipo, kisha huenda zao. Hakuna anayemkosea mshauri adabu na hakuna anayemwambia kitu. Akoth huwatazama, nami najua anachokiona. Anakiona kile kiti cha karibu na mlango.

Mwezi uliopita tulitakiwa kutuma ripoti ya kwanza. Akoth alikuwa kwenye kompyuta ya pili, amekwama swali la tisa: simulia hadithi ya mtu mmoja ambaye maisha yake yamebadilika kutokana na mradi. Hapo Nabalayo akaingia. Alikuwa ametoka kuchukua karatasi za Billy katika shule aliyosoma hapa Kianda. Alikuwa amekonda. Hakumwona Akoth, au alimwona akaamua kutomwona. Alinipa cheti cha kuzaliwa, akasema shule ya Bungoma inataka nakala.

Nilikiweka kwenye mashine na macho yangu yakakisoma yenyewe. Billy Mukhwana Wanzala.

Nadhani uso wangu ulinisaliti. Akoth aliinuka, akaja, akasoma akiwa nyuma ya bega langu, kisha akajikalisha palepale juu ya kreti la soda.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, Nabalayo, mimi nilijua ni Billy tu."

"Tuliacha kumwita hilo lingine. Ukiita Mukhwana, unangoja wawili wakuje. Anakuja mmoja." Nabalayo alikuwa akiitazama mashine, si sisi. "Wewe ulilitoa wapi?"

"Kwa duka ya mabati, Kawangware. Limeandikwa hapo juu."

"Duka ya mabati," Nabalayo alirudia, akacheka kicheko kifupi ambacho sitaki kukisikia tena. Akatuambia kwamba tangu azikwe Mulongo hakuna aliyewahi kumwita Mama Mukhwana, hata mama yake mzazi. Alikuwa akilitamani jina lile na kuliogopa. Na siku aliyolisikia tena lilikuwa likisomwa kwenye karatasi, na mtu asiyemjua.

Akoth alilia. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo, lugha ambayo mwenzake haielewi. Nabalayo alisema amesamehe, upesi upesi, kama mtu anayetaka kufunga mlango. Akoth akajifuta macho, akamwambia mshauri ameanza kazi, amesomea, ni mpole, na kwamba aje Jumamosi, hata akikaa tu bila kusema.

"Nikuje niseme nini, Mama Dalmas?" alimuuliza. "Mimi nilishasemewa."

Akachukua cheti na nakala yake, akaenda. Akoth alirudi kwenye kompyuta, akaandika neno moja chini ya swali la tisa. Hakuna. Fomu ikalikataa, ikawasha maandishi mekundu kwamba jibu lisipungue maneno mia moja. Nilimwondoa pale kitini, nikaketi mimi. Nilijaza maneno mia moja na manne kuhusu mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa, nikamwita Mary. Walituandikia kutusifu, wakasema hadithi ya Mary imewatia moyo.

Liko jambo ambalo hatukulitia kwenye ripoti. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda kikaoni, Akoth hupitia Satellite, kwenye ploti ya mabati anakoishi Nabalayo. Siku hizi nami humsindikiza, kwa kuwa nilichapa mimi. Hatubishi hodi. Tunasimama karibu na mlango mpaka tusikie maji yakimwagwa kwenye beseni, au kikohozi, au kijiko kikigonga sufuria, kisha tunaondoka kimya kimya tukiwahi saa nane. Jumamosi iliyopita tulisimama pale muda mrefu sana kabla ya kusikia kijiko.