Walipouliza Nani Anamsimamia Neema

Asubuhi ile mimi na Neema tulikuwa tukigeuza kakao kwenye turubai moja, uani kwangu, mtaa wa Bungulu mjini Beni, tukigombana kama kawaida. Alisema mbegu zangu hazijachacha vizuri. Nikamwambia mtu aliyekuja Beni juzi hawezi kunifundisha kakao. Juzi hiyo ilikuwa miaka sita. Alicheka. Alikuwa mpangaji wangu, mume wake yuko mbali machimboni, na mimi aliniita yaya, dada mkubwa.

Kakao ile ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu. Mashamba yetu yalikuwa msituni, na huko waasi walikuwa wakikata watu mapanga. Serikali ilituma askari, askari wakapiga kambi barabarani, sisi tukaendelea kuzika. Nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Ndipo chama kikaja. Sitaki kudanganya: nilikipenda. Wakubwa wake hawakuanza na chuki, walianza na maharage. Kisha wakaleta vijana wenye filimbi na mapanga wa kutusindikiza mashambani, na baada ya miezi mingi nikavuna tena. Mfamaji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa nikiimba, kitambaa cha chama kichwani. Siku ya mkutano kwenye mtaa wa Beu, watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda.

“Serikali inalala, siye hatulale!” kiongozi alisema. “Lakini nani anaonyesha bale bauaji njia? Adui iko mu parcelle yenu!”

Alimaanisha viwanjani mwetu, kwa wapangaji waliotoka mbali. Nilipiga makofi. Tulikuwa tumechoka kuzika bila jibu, na hili lilikuwa jibu rahisi. Niliporudi na Neema kuniuliza kiongozi amesema nini, nilimwambia ni maneno ya siasa tu.

Baadaye wakaweka sharti. Kila anayetaka kusindikizwa shambani lazima asimamiwe na jirani anayejua kilima cha baba yake, yaani asili yake. Asiyesimamiwa anaandikwa mgeni. Neema alilima kipande karibu na changu, kwa hiyo tulipanga foleni pamoja.

“Mama Kahindo, unamujua huyu?” kijana wa chama aliuliza.

“Yaya, unisimamie,” Neema alisema kwa sauti ya chini.

Nilimjua. Nilijua homa zake, nyimbo zake, na kilima cha baba yake, mbali kusini.  Mwezi uliotangulia, mwenzetu aliyemsimamia mgeni alinyang'anywa kadi ya chama, na kakao yake ikaozea mtini.

“Miye najua jina yake tu,” nilisema.

Hawakumpiga. Walimwandika mgeni, wakamwambia arudi nyumbani. Sisi tukaenda mashambani.

Saa nne tulisikia risasi.

Vijana wa chama walitupa filimbi, wakakimbia kabla yetu.

Nililala chini ya majani ya kakao, uso kwenye udongo. Masika, jirani yangu, alikuwa akiomba hatua chache kutoka kwangu. Kisha sikumsikia tena.

Nilifika mjini alasiri. Vijana wale wale walikuwa wameweka vizuizi, wakiwatoa nyumbani walioandikwa wageni. Chumba cha Neema kilikuwa wazi, sufuria imeungua makaani. Mama mmoja aliniambia alimwona akikimbia kuelekea barabara ya Butembo, vijana nyuma yake. Hakuna aliyemwona baada ya hapo.

Chama hakikufa siku ile. Hofu iliongezeka, na wanachama wakaongezeka. Mimi nilichoma kitambaa changu, lakini moshi haumrudishi mtu.

Nilihamia Butembo. Miaka miwili baadaye mama yake Neema alinitafuta mpaka akanipata. Nilimweleza yote, hata yale maneno yangu ya foleni. Nilitaka anitukane, nilitamani hata anipige. Yeye alitazama miguu yangu.

“Alikuwa na biatu?” aliuliza.

Nikamwambia sijui kama alivaa viatu. Asubuhi ile ya foleni tulisimama bega kwa bega, na tangu kijana alipouliza kama namjua sikumtazama.